Samaki wa Ghorofa ya Tano

Wiki iliyopita mliniacha kwenye ngazi za ofisi yetu hapa Brno, koti mkononi, nikimsubiri mume wangu atoke anibembeleze nirudi ndani. Wengi mmeniandikia kuuliza kama alitoka. Hakutoka. Alikaa wiki tatu, kisha akaajiri msichana.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Vendula, nina miaka arobaini na mitatu, nafundisha hisabati sekondari. Zamani nilikuwa mtunzi wa mafumbo. Mimi na mume wangu Hynek tulitengeneza gemu ya kompyuta iitwayo Bwana Kifungo. Yeye alichora, mimi nikatunga mafumbo, na rafiki yetu Bořek akaandika programu. Bwana Kifungo ni bawabu mfupi asiyesema, anapanda jengo kuukuu ghorofa kwa ghorofa akiwatafuta wapangaji waliopotea. Kila mlango una fumbo lake, na mafumbo yote yalikuwa yangu.

Tuligombana tulipoanza sehemu ya pili. Nikawaambia bila mimi hawataweza kutunga hata kitasa cha mlango. Nikachukua koti. Mengine mnayajua.

Msichana anaitwa Jolana. Ana miaka ishirini na minane, nywele fupi, na anacheka kabla hujamaliza sentensi. Alikalia kiti changu. Kwetu mtu haingii ndani na viatu, hata ofisini, na siku ile ya hasira niliondoka nikaziacha ndara zangu nyekundu pale mlangoni. Nilipopita miezi miwili baadaye kuchukua barua zangu, nikazikuta miguuni kwake. Akaniuliza kama ni zangu. Nikamwambia hapana.

Tena kwetu mdogo hamwiti mkubwa kwa jina tupu mpaka mkubwa ampe ruhusa. Jolana amesubiri ruhusa yangu miaka miwili. Sijampa. Ananiita Bi Vendula, nami naitika kama mama mkwe.

Najua mnachofikiri, kwa hiyo niseme wazi. Wivu wangu haukuwa wa kitandani. Laiti ungekuwa huo, ningejua pa kuanzia: ningemshika nywele, tukaonana wabaya, yakaisha. Mimi nilimwonea wivu wa mafumbo. Siku moja tunakula, Hynek akapigiwa simu, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Jolana alikuwa ametunga mlango unaofunguka tu ukiugeuzia mgongo. Akanieleza, macho yanang'aa. Niliutafuta ubaya wa mlango ule wiki nzima na sikuuona. Ulikuwa mlango mzuri sana. Hapo ndipo nilipoanza kuugua.

Sasa twende mwezi wa tatu mwaka huu, maana balaa lilianzia huko.

Tulikuwa kwenye kijumba chetu cha msituni, kama kila mwisho wa wiki. Hynek akaweka laptopu yake mezani, akasema humo kuna toleo la majaribio, nikipata nafasi nilitazame, si lazima. Alisema hivyo huku anatazama dirisha. Kisha akapanda juu ya paa kutengeneza mbao.

Nilisubiri nisikie nyundo, nikaifungua.

Nilicheza kwa saa tatu. Ghorofa ya kwanza nilitafuta makosa. Ghorofa ya pili nikacheka peke yangu jikoni, nikajichukia. Ghorofa ya tatu na ya nne nikasahau kwamba natafuta makosa. Ghorofa ya tano nikaingia bafuni.

Ndani ya beseni la kuogea aliogelea samaki.

Lazima niwaeleze kitu. Samaki wetu wa Krismasi hununuliwa akiwa hai, kisha hukaa kwenye beseni la kuogea siku kadhaa mpaka baba amchinje. Watoto humpa jina, na hapo ndipo kosa huanzia. Nilipokuwa na miaka sita, wa kwetu nilimwita Evžen. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi niliandika jina lake kwa kidole kwenye kioo kilichojaa mvuke. Nilidhani baba akiona kwamba samaki ana jina, hatamuua. Baba aliliona. Akafuta kioo kwa kiganja ili anyoe ndevu, na jioni tukaitwa mezani kumla. Mpaka leo sili samaki wa Krismasi.

Kisa hicho nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Nilimwambia Hynek, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, na alilia kuliko mimi.

Na sasa Bwana Kifungo alikuwa amesimama mbele ya kioo chenye mvuke, kidole juu. Juu ya kichwa chake ilichorwa picha ya samaki na alama ya kuuliza. Chini yake kulikuwa na nafasi tano tupu za herufi. Gemu ilikuwa inaniuliza samaki anaitwa nani.

Sikuandika. Niliifunga laptopu kwa nguvu mpaka vikombe vikalia. Nilichokiona kilikuwa kitu kimoja tu: Hynek amempa yule msichana samaki wangu. Wamekaa ofisini, wanakunywa kahawa, yeye anamsimulia utoto wangu, na binti anasema hili tulifanye fumbo. Jamani, kiti nilikuwa nimemwachia. Ndara nilikuwa nimemwachia. Samaki je?

Hynek aliposhuka, aliuliza kama nimepata nafasi.

"Sikuifungua," nikasema. "Nina mitihani ya kusahihisha."

Alisimama na nyundo mkononi. Akasema sawa. Akaenda kunawa mikono, na alinawa muda mrefu. Baada ya siku ile hakunionyesha tena chochote cha kazi yake, na mimi sikuuliza.

Gemu ikatoka mwezi wa kumi, siku ya Jumanne.

Jumatano mchana nikajifungia kwenye chumba cha walimu, nikaanza kusoma maoni ya wachezaji. Wanaocheza gemu za mafumbo ni watu wa kuandika. Hawaandiki mstari mmoja. Watakueleza walipokuwa wamekaa, walichokuwa wanakula, na mke wao alisema nini walipokwama.

Mstaafu mmoja wa Plzeň aliandika kwamba amecheza na mjukuu wake siku nzima na hawajagombana hata mara moja, jambo ambalo kwao halijawahi kutokea. Mwanamke mmoja alisema alikwama ghorofa ya tatu kwa saa mbili, na alipopata jibu akampigia simu dada yake ambaye walikuwa hawasemeshani. Mwingine alilalamika kwamba muziki wa lifti hautoki kichwani. Mwingine alisema ghorofa ya sita ni fupi mno. Nikampenda huyo, nikamsoma mara tatu.

Kisha nikakutana na haya, na nayakumbuka neno kwa neno: "Sehemu ya kwanza nilimaliza kwa hasira. Mtunzi alitaka nijue kwamba ana akili kuliko mimi. Huyu wa sasa anataka nifike."

Watu mia nne walikuwa wamekubaliana naye.

Nikafunga simu nikaenda kufundisha sehemu na desimali. Kuna mwanafunzi aliniuliza swali zuri tu, la heshima, nikamjibu vibaya mpaka darasa likanyamaza. Nilijisikia kama niliyevuliwa nguo sokoni. Miaka yote nilijua mafumbo yangu ni magumu. Sikujua kwamba watu walikuwa wananisikia ndani yake.

Alhamisi nikafungua akaunti mpya. Nikajiita Msumari.

Duka la mtandaoni linaloiuza gemu halikuruhusu utoe maoni juu ya kitu usichonacho wala usichokifungua. Nikanunua. Nikaifungua huku nakunywa supu ya kitunguu saumu, nikafika ghorofa ya pili, nikaona moyo unaanza kulainika, nikaizima. Nilikuwa nimeshaijua tangu mwezi wa tatu, nicheze tena ya nini? Nikaanza kuandika.

Niliandika vizuri. Hasira ikiniingia, mkono wangu huwa mwepesi. Nilisema mafumbo ni ya kuwabembeleza wachezaji wavivu. Nilisema ule mlango wa kugeuziwa mgongo ni ujanja wa kitoto. Kisha nikafika kwa samaki.

"Lakini aibu kubwa," niliandika, "ni lile bafu la ghorofa ya tano. Kioo kinakuuliza samaki kwenye beseni anaitwa nani. Hakuna dokezo popote. Mchezaji atajuaje jina la samaki wa watu? Mtunzi alimtungia nani fumbo hili?"

Nikashusha kidole, nikatuma. Nikakata keki ya mbegu za popi, nikaila nimesimama. Sikuwahi kula keki tamu vile.

Asubuhi yake nikakuta majibu sitini. Nikayafungua nikiwa na hamu ya kuona ni wangapi wanakubaliana nami.

La kwanza liliuliza: samaki gani?

La pili lilisema kwamba ameimaliza gemu mara mbili na bafu la ghorofa ya tano limefungwa kwa mbao. La tatu lilikuwa la mstaafu wa Plzeň. Yeye na mjukuu wamerudi kutazama, wamezigonga mbao zote, hakuna samaki.

Nikakaa kwenye mzani wa bafuni kwetu, maana ndipo nilipokuwa.

Mmeelewa nilichofanya? Samaki alikuwa ametolewa. Kati ya mwezi wa tatu na wa kumi, mtu alilikata lile fumbo, akalipigilia mbao. Kwenye gemu waliyonunua watu, halikuwepo. Na mimi, mtunzi mzima niliyekata mafumbo yangu mwenyewe mara ngapi kabla ya gemu kutoka, sikufikiria hilo hata dakika moja. Niliyasema vibaya yale niliyoyaona, si yale waliyoyaona wao.

Walioliona toleo la mwezi wa tatu walikuwa watatu: Hynek, Jolana na Bořek. Wa nne ni mimi, na mimi nilikuwa nimesema sikuifungua.

Nikataka kufuta. Nikakuta watu wameshapiga picha maneno yangu na kuyasambaza. Mmoja alikuwa amegundua jambo lingine. Duka lile huonyesha kila mtu amecheza muda gani, na kando ya jina langu palisomeka dakika ishirini na sita. Kufika ghorofa ya tano, aliandika, hata ukikimbia ni zaidi ya saa mbili. Basi Msumari si mchezaji. Msumari ni mtu wa ndani, na samaki yupo. Watengenezaji wamemficha, wanatuchezea.

Hapo watu wakachachamaa.

Walioimaliza wakaanza upya. Wasiokuwa nayo wakainunua. Wakahesabu vigae vya ghorofa ya tano. Wakachemsha kila birika lililochorwa kwenye gemu ili mvuke utoke. Kijana mmoja wa Ostrava aliapa kwamba ukizima muziki wa lifti unasikia maji yakichapwa nyuma ya ukuta, na siku hiyo hiyo watu elfu wakasema hata wao wameyasikia. Wengine walibuni majina ya samaki, wakayaandika kila palipokuwa na mahali pa kuandika. Walitaja majina mia tano. Nilisoma orodha yote. Evžen hakuwemo.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Hynek alirudi mapema. Alivua viatu, akavaa ndara, akakaa jikoni bila kuvua skafu. Akanieleza yote kama mtu anayemweleza asiyejua. Kulikuwa na fumbo wamelitoa, mtu amelitaja hadharani, na mauzo yamepanda kuliko walivyotarajia kwa mwaka mzima. Msambazaji wao amewaomba wasikanushe wala wasikubali. Waache watu watafute.

Kisha akanitazama.

"Ile ya mwezi wa tatu hukuifungua, sivyo?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, wasomaji wangu. Ningeweza kupita. Alikuwa ameuliza kwa upole, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukitambua. Mimi nilisikia hatari tu. Kwetu ndoa inaweza kuvumilia mengi, lakini mwanamke aliyemchafulia mumewe kazi ya miaka miwili, kwa jina la bandia, siku mbili baada ya kutoka? Nikijulikana, sina mume. Nilikuwa na hakika hiyo kama nilivyo na hakika ya jedwali la kuzidisha.

"Nimeshakwambia," nikasema. "Unataka chai?"

Akasema hataki. Akavua skafu.

Sasa sikilizeni wivu unavyoweza kumfanya mtu. Ningetulia, yangepita. Gemu ilikuwa inauzwa, mume wangu hajui, maoni yangu yamegeuka baraka. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu.

Lakini wachezaji walitaka kujua Msumari ni nani, na wakaamua ni Jolana.

Walimchambua. Ni mjanja, walisema, ndiye aliyetunga mlango wa kugeuziwa mgongo, basi hata maoni mabaya haya ni fumbo lake, tena ndilo bora kuliko yote. Fumbo nje ya gemu. Baada ya siku chache gazeti moja likamhoji. Likamuuliza waziwazi kama yeye ndiye Msumari. Akacheka, akasema hawezi kusema. Wakachapisha picha yake amekaa kwenye kiti changu, na chini wameandika: aliyeifanya nchi nzima itafute samaki.

Nilisoma gazeti lile kwenye foleni ya mkate, nikatoka bila kununua mkate.

Samaki ni wangu. Hasira ni yangu. Maneno ni yangu, kila nukta. Na sifa amepata yeye. Niliwaza: hata ubaya wangu wameuchukua, wamempa. Nikaanza kumwonea wivu kwa uovu nilioutenda mwenyewe. Mkisema nimechanganyikiwa sitabisha.

Hynek akawaalika wote kijumba cha msituni Jumapili, kula chakula cha mchana na kufurahia. Nilipika mimi, maana ningefanyaje. Nyama ya ng'ombe kwa mchuzi wa krimu, na knedliki, yale madonge yetu ya unga ya kuchemsha, nilizokanda tangu asubuhi. Bořek alikuja na mfuko wake ule ule wa laptopu asiouacha hata akienda kuoga. Jolana alikuja na maua. Akasema, shikamoo, Bi Vendula. Nikayaweka maua kwenye ndoo.

Kula tulikula vizuri. Bořek aliongeza mara tatu. Jolana alisifu mchuzi, akaniuliza nimetia nini, nami nikamjibu kwamba nimetia krimu. Walizungumza juu ya kijana wa Ostrava na maji yake, wakacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka pia ili wasinishuku.

Kisha Hynek akamimina pombe ya plamu kwenye glasi ndogo, moja kwa kila mtu. Akasimama. Akamwelekea Jolana.

"Hutaki kukiri, na sikulazimishi. Lakini mimi nakunywa kwa Msumari," akasema.

Jolana akatabasamu, akainua glasi.

Nawaapia sikupanga. Sikusikia sauti ya dhamiri wala nini. Kama ingekuwa dhamiri, ningeona fahari kuwasimulia. Niliona tu glasi ile inapanda kwenda mdomoni mwake, na sikuweza.

"Msumari ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyekunywa. Bořek alikuwa na knedliki mdomoni, akaacha kutafuna. Jolana akaweka glasi chini taratibu, akasema alidhani ni Hynek muda wote huu, ndiyo maana hakukanusha. Hakutaka kumwaibisha bosi wake.

Hynek hakumtazama yeye. Hakuuliza kwa nini niliandika. Hakutaja maneno yangu hata moja, ile aibu kubwa, wachezaji wavivu, ujanja wa kitoto. Niliyaandaa majibu ya hayo yote na hakuna hata moja lililotumika.

"Uliniambia hukuifungua," akasema. "Mara mbili."

Ungedhani hapo ningeomba msamaha. Mimi huyo. Nilipandwa na yale ya mwezi wa tatu yote kwa mpigo. Nikasema ndiyo, niliifungua, na nilikuta nini? Nikasema mume gani anachukua kitu nilichomwambia kitandani, nikilia, akampa binti wa watu akifanye mchezo. Nikasema kiti chukueni, ndara chukueni, lakini Evžen alikuwa wangu.

"Evžen ni nani?" Jolana akauliza.

Nikamwambia asijifanye.

"Bi Vendula, sijifanyi." Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Lile fumbo sikulitunga mimi. Alilileta Hynek, amelichora na kulitunga mwenyewe. Nililipinga. Nilimwambia halina dokezo, jina lile hakuna mchezaji atakayelijua, hili atalijibu mtu mmoja tu duniani. Akasema ndiyo, ni mmoja tu. Nikamuuliza jibu, akakataa kuniambia. Baadaye akalitoa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mwenye jibu hataki kucheza."

Nilisikia maneno hayo, nikawa nasubiri yamalizike kuingia. Yaliingia polepole.

Mume wangu hakumpa mtu samaki wangu. Alikaa peke yake, sijui siku ngapi, akamchora Evžen, akachora beseni la mama yangu ambalo hajawahi kuliona, akanitengenezea kioo ambacho baba hajakifuta. Akaweka laptopu mezani. Akasema si lazima. Akapanda juu ya paa, akapiga nyundo ili nisione aibu kuifungua. Na mimi nikaenda mbele ya wachezaji elfu thelathini nikawauliza mtunzi alimtungia nani fumbo hili.

Nilitaka kumshika mkono. Alikuwa ameshauondoa mezani.

"Jina uliliandika?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Niliifunga kabla.

"Basi hukuona."

"Sikuona nini, Hynek?"

Alikwenda mlangoni, akavua ndara, akaanza kuvaa viatu. Nikamuuliza tena kulikuwa na nini. Akasema haina haja, ameshalifuta lile.

Ndipo Bořek akameza knedliki yake. Bořek ni mtu mwema, na watu wema hawajui wakati wa kunyamaza.

"Mimi sijafuta," akasema. "Huwa sifuti kitu."

Akasogeza sahani, akatoa laptopu kwenye mfuko, akaifungua katikati ya mchuzi na glasi. Jolana akainuka, akaenda kusimama karibu na jiko, akatugeuzia mgongo. Bořek akatafuta, akabonyeza, akaigeuza kwangu. Bafu lilikuwepo. Samaki alikuwa anazunguka polepole. Bwana Kifungo alisimama kidole juu, na nafasi tano zilikuwa tupu, zinangoja.

"Vendulko, usiandike." Aliniita kwa jina langu la mapenzi, lakini alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu, hakuinua kichwa. "Yaliyomo humo nilimwandikia mke niliyekuwa naye mwezi wa tatu. Sijui kama ndiye huyu."

Akatoka. Hakubamiza mlango, aliurudisha tu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Bořek akaniuliza kwa sauti ndogo aiache wazi au aifunge. Nilikuwa naitazama skrini, na nitakalowaambia nichekeni mkitaka. Nilikuwa namwonea wivu yule mwanamke wa mwezi wa tatu, aliyeandikiwa kitu na mumewe, akawa nacho mbele yake, umbali wa herufi tano.

Nje sikusikia gari likiwaka. Alikuwa bado yupo uani. Ningeweza kuinuka nimkimbilie kwa ndara, bila koti.

Kidole changu kilikuwa juu ya herufi E.